Paka kunuka mdomo sio "kawaida ya paka": uzi wa meno na fizi

KambareMkavu
Wakuu habari za saizi. Nimeona nifungue uzi mmoja tuliongelee hili jambo kwa kirefu, maana siku hizi watu wengi tunafuga paka ndani, chanjo tunawapa, dawa ya minyoo tunawapa, wengine mpaka tunawaogesha kwa lazima, ila mdomoni hakuna anayechungulia. Ukimwambia mtu paka wako ananuka mdomo anakujibu "si anakula dagaa, ulitaka anukie marashi?" Hapana mkuu. Paka mzima akila dagaa ile harufu haikai, akishajilamba akalala imeshakata. Ila ile harufu ya uozo ambayo paka akipiga mwayo tu we uliyekaa kochi la pili unageuza uso, hiyo sio dagaa, huo ni ugonjwa wa fizi na hauishi wenyewe.

Inavyokwenda ni hivi. Paka mkubwa ana meno 30, kale kadogo kana 26 ya utoto. Kila siku meno yanapata ukoga, ule utando laini wa bakteria na mate, sawa na sisi tukiamka asubuhi. Usipotolewa ndani ya siku chache unaanza kugandamana na madini ya kwenye mate unakuwa gamba gumu la njano au kahawia, huo ndo ugaga, na ukishafika hapo mswaki hautoi tena. Fizi inavimba, inakuwa nyekundu. Ukimuwahi hapo fizi inarudi vizuri kabisa. Ukiacha, bakteria wanazama chini ya fizi wanakula nyama na mfupa unaoshika jino, na mfupa ukishaliwa haurudi, hapo unaongelea kung'oa.

Kuangalia wala sio kazi. Msubiri akiwa kachoka kalala mapajani, usimkabili uso kwa uso, kaa nyuma yake, gumba liweke shavuni uinue mdomo wa juu kwa pembeni tu, huna haja ya kumtanua mdomo wote. Angalia yale magego makubwa ya juu huko nyuma maana ndo yanaanza kuchafuka. Fizi nzuri ni ya pinki na imelala vizuri kwenye jino. Ukiona mstari mwekundu umefuata pale jino linapotokea kwenye fizi, kama mtu kachora na peni, ishaanza. (Wenye paka wa rangi ya chungwa msishtuke mkiona vidoa vyeusi vilivyo bapa kwenye lipsi na fizi, kwa hao ni rangi tu, labda kama kimevimba.)

Shida kubwa ya paka ni kwamba hasemi. Paka anameza maumivu mpaka hali iwe mbaya kabisa, na usidanganyike eti "mbona anakula". Anakula kwa sababu ana njaa. Dada yangu ana paka dume, lilikuwa linakuja kwenye sahani mbio, linachukua dagaa, linainamisha kichwa upande mmoja, linatafuna mara mbili, linaidondosha, halafu linaiungurumia ile dagaa kama vile dagaa ndo kamng'ata, kisha linakimbilia chini ya meza. Nyumba nzima inacheka. Kumbe gego la chini lilikuwa limeoza. Dalili nyingine ni udenda, kujikuna mdomo na mguu wa mbele, kutafuna upande mmoja, kukataa vigumu anataka supu tu, na manyoya kuchafuka maana ulimi ukipita unauma, so anaacha kujisafisha.

Karibuni tuchangie, wenye uzoefu na madokta wa mifugo mkiwepo mtusaidie.

Kabwela Mwenzenu
Mkuu na hii hali ya maisha nimpige paka mswaki? Mimi mwenyewe kuna siku napitiwa 😂😂 Paka wa pale soko la samaki Feri nani anawasafisha meno na wamenona kukuzidi wewe

Shangazi_Tanga
😂😂😂😂 jamani

KambareMkavu
@Kabwela Mwenzenu cheka tu. Pale Feri unamuona aliye mzima, aliyeshindwa kula humuoni maana kashajifia mtaroni huko. Paka wa mtaani wengi hawafiki uzee kabisa. Huyu wa ndani unayemlisha na kumchanja anaweza kufika miaka 15 na zaidi, sasa hayo meno yanatakiwa yadumu miaka yote hiyo.

mtoto wa Makadara
Salaam wana jukwaa, mimi niko Mombasa. Kwetu mtu akiumwa na jino twatia mafuta ya karafuu kwa pamba, yatuliza papo hapo. Je paka naye atiwe kidogo? Ama asukutuliwe kwa maji ya chumvi? Wangu wa kike fizi zimevimba na hataki kushikwa kidevu

MtuWaMifugo
@mtoto wa Makadara USIMTIE KARAFUU tafadhali. Naomba hapa nieleze kwa urefu kidogo maana ndo sehemu ambayo paka wengi wanakufa, na hawafi kwa jino, wanakufa kwa dawa.

Ini la paka halifanani na la binadamu wala la mbwa. Kuna njia ambayo ini linatumia kuvunjavunja aina fulani za kemikali ili zitoke mwilini, kwa paka hiyo njia ni dhaifu sana. Kile kinachotuliza jino kwenye karafuu kiko kwenye hilo kundi. Ukimpaka mdomoni anakilamba chote, kinaunguza fizi ambazo tayari ni vidonda na kinaenda kulemea ini. Hivyohivyo mafuta ya mchaichai, ya "tea tree", ya mkaratusi, yote weka mbali. Maji ya chumvi nayo achana nayo, paka hajui kusukutua, anameza.

La pili na hili ndo baya zaidi: PANADOL. Mtu anaona paka anaumwa anakata robo ya kidonge anamwekea kwenye maziwa, kwa nia njema kabisa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, na hata robo yake inaweza kumdhuru. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka za kahawia au bluu, uso unavimba, anahema kwa shida. Kama kuna aliyeshampa, usisubiri dalili, kimbia naye kwa dokta saa hiyohiyo, kuna dawa ya kuzuia sumu na inafaa ikiwahi. Diklofenaki na ibuprofeni ni hivyohivyo, hakuna kipimo cha kukadiria nyumbani. Maumivu ya paka yana dawa zake na anatoa daktari kwa kumpima uzito.

Dawa ya meno yetu pia hapana. Ina floraidi na vitu vya kutoa povu, sisi tunatema, yeye anameza. Magadi pia usimpake.

mtoto wa Makadara
Shukran sana dokta, karafuu nilikuwa nishaiweka mezani kabisa. Basi kesho nampeleka

Nuru ya Kigamboni
Dokta samahani, wangu tangu jana udenda unamchuruzika mwingi ghafla tu, hali, na kawa mkali hata mtoto akimsogelea anamvamia. Hajawahi chanjwa. Nimfungue mdomo niangalie?

MtuWaMifugo
@Nuru ya Kigamboni USIMFUNGUE MDOMO. Usimguse kabisa, watoto watoke, mfungie chumbani peke yake upige simu ofisi ya mifugo ya kata au ya wilaya sasa hivi. Udenda wa ghafla na kubadilika tabia kwa mnyama asiye na chanjo, cha kwanza kufikiria ni kichaa cha mbwa, na paka nao wanaupata vizuri tu. Kama kuna aliyeng'atwa au kuparuzwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha hospitali leo leo mkaanze chanjo, msisubiri kuona paka atakuwaje.

Inawezekana kabisa ikawa ni kitu kingine. Mara nyingi tunakuta sindano ya kushonea na uzi wake umejizungusha chini ya ulimi, au mwiba wa samaki umekwama kaakaani. Ila hilo ataangalia mwenye glavu na aliyechanjwa sio wewe. Na kwa wote: ukiona uzi unatoka mdomoni kwa paka USIUVUTE, upande wa pili unaweza kuwa uko tumboni na ukivuta unakata utumbo.

Nuru ya Kigamboni
Sawa dokta nimefunga mlango, hakuna aliyeng'atwa alhamdulillah. Napiga simu

Shangazi_Tanga
Mungu asaidie mpenzi, utujulishe

Kamau wa Ruiru
Niaje watu wa Bongo. Sasa nauliza, mbona tunaambiwa ile chakula kavu ya dukani inasafisha meno? Mi nanunua hiyo tu, wet food sinunui, na bado huyu jamaa ananuka kama pipa

KambareMkavu
Hiyo ni stori ya mjini mkuu. Mwangalie akila, punje za kawaida nyingi anazimeza nzimanzima, na anayotafuna inapasuka pale ncha ya jino inapogusa tu, haifiki kwenye fizi. Ni sawa na wewe useme unasafisha meno kwa kula biskuti.

MtuWaMifugo
Hapo sahihi. Ila kuna vyakula maalum vya meno, punje zake ni kubwa na zina nyuzinyuzi zinazoshika, jino linazama ndani kabla haijapasuka kwa hiyo linafutwa. Mfano Hill's t/d. Ukinunua kitu chochote kilichoandikwa "dental" tafuta alama ya VOHC, hilo ni baraza la Marekani linalokagua kama kweli bidhaa inapunguza ukoga au ugaga. Mengi yanayouzwa hayana hiyo alama, ni maneno tu kwenye paketi. Na hata hicho chenye alama hakitibu paka ambaye fizi zimeshaoza, unamuongezea maumivu ya kutafuna.

Mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape kwa kisingizio cha kusafisha meno, inapasuka vipande vikali na inavunja meno.

Mama Chausiku
Mimi naomba niongee kuhusu mswaki maana naona wanaume hapa mnaongea tu. Inawezekana kabisa na paka wangu ni wa kuokota jalalani sio wa kizungu. Siri ni usianze na mswaki. Nilianza kwa kumpa kidole alambe, nimekichovya kwenye maji niliyochemshia samaki, ambayo hayana chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwao jamani msisahau). Akizoea kidole kinaingia kidogo pembeni kinagusa jino kinatoka, anapewa kipande cha samaki, basi, yamekwisha kwa siku hiyo. Siku nyingine nazungushia kidole gozi ile ya duka la dawa, nasugua jino la chonge peke yake. Ikaenda hivyohivyo polepole mpaka mswaki wa mtoto mchanga wenye kichwa kidogo.

Sasa hivi ni baada ya chakula cha usiku, nampakata mgongo wake umeegemea tumbo langu, mkono wa kushoto unashika kichwa juu kama ninamshika kofia, gumba linainua mdomo, mswaki naulaza kidogo uelekee kwenye fizi, vizunguko vidogovidogo upande wa nje tu. Ndani siendi, huko ulimi wake una miiba unasafisha. Hata dakika haifiki. Siku akinuna namwachia, nikimlazimisha leo kesho nikishika mswaki tu anapanda kabatini hashuki.

Kabwela Mwenzenu
Mama Chausiku heshima yako. Ila mume wako naye unamsugua hivyo? 😂

Mama Chausiku
Mume ana mikono. Soma uzi.

MtuWaMifugo
Mama kaeleza vizuri kuliko wengi wetu. Naongezea tu kwamba kazi kubwa inafanywa na mswaki kwa kusugua, dawa ya meno ya paka ni ya kumvutia kwa ladha na ina msaada kidogo, kama hujaipata lowesha na maji tu. Kila siku ndo bora, ukishindwa basi ruka siku moja moja, mara moja kwa wiki ni kama hujafanya kwa sababu ukoga unakuwa ushagandamana. Na paka ambaye fizi tayari zinavuja damu usianze kumsugua, apelekwe kwanza asafishwe, vinginevyo atajifunza kwamba mswaki ni maumivu na utamkosa maisha.

Gari Bovu
Kusafishwa ndo kunanitisha mm. Nimeambiwa mpaka nusu kaputi. Kuna mtu mtaani kwetu anakuja nyumbani anawakwangua na kachuma bila sindano, watu wawili wanamshika paka, bei chee. Kwa nn niingie gharama za nusu kaputi?

MtuWaMifugo
Kwa sababu huyo jamaa anakwangua kinachoonekana. Jino linang'aa, unafurahi, unalipa. Ugonjwa uko chini ya fizi na huko hawezi kuingiza chuma kwa paka aliye macho, akijaribu anamchana. Halafu kale kachuma kanaacha mikwaruzo kwenye jino, kama halikung'arishwa baadaye ukoga unashika haraka kuliko mwanzo.

Kwenye nusu kaputi ya kueleweka paka anawekewa mpira kooni wa kupitisha hewa, ili maji na uchafu usiingie mapafuni. Kila jino linapimwa na kifimbo chembamba kujua fizi imeachia kiasi gani. Penye eksrei ya meno ni bora zaidi kwa sababu paka wana ugonjwa mmoja wa ajabu ambao jino linaliwa na seli za mwili wake mwenyewe, mara nyingi linaanza kuliwa kwenye shingo pale chini ya fizi. Kwa nje unaona kama kanyama kekundu kamepanda juu ya jino, ukigusa taya linatetemeka. Hilo halizibwi. Linang'olewa, au likiwa la aina ambayo mzizi umeshageuka kuwa kama mfupa linakatwa juu na kufunikwa na fizi, na huwezi kujua ni aina gani bila eksrei. Paka wakianza kuzeeka hili ni jambo la kawaida sana na hata uwe mtu wa mswaki kila siku linaweza kumpata.

Hatari ya nusu kaputi ipo, siwezi kukudanganya, ndo maana kwa paka mzee tunapima damu kwanza tuangalie figo. Uliza maswali kabla ya kulipa: nani anasimamia pumzi wakati wote, mpira kooni unawekwa, dawa ya maumivu anapewa? Dokta akianza kujiumauma, beba paka wako muondoke.

Gari Bovu
Hapo kwenye kung'arishwa sikujua. Sawa

Kamau wa Ruiru
@MtuWaMifugo na je nikienda agrovet nichukue antibiotic tu? Last time alipewa sindano akapona kabisa, after wiki kadhaa harufu ikarudi

MtuWaMifugo
Ndo itaendelea kurudi hivyo. Dawa inapunguza bakteria kwa muda, ugaga na mzizi uliooza viko palepale. Ni kupuliza dawa ya mbu huku dimbwi liko mlangoni. Ukirudia rudia mwishoni hiyo dawa haitafanya kazi siku unayoihitaji kweli, mfano akipata jipu, lile linalovimba chini ya jicho mnadhani kapigwa na jiwe kumbe ni mzizi wa gego la juu. Wewe uko Ruiru, Kabete sio mbali, chuo kikuu cha Nairobi wana kitivo cha mifugo na kliniki pale. Huku kwetu wa Morogoro na mikoa ya karibu waulizie hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Wengine tafuteni kliniki ya wanyama wadogo, sio kila dokta wa ng'ombe atakuwa na vifaa vya mdomo wa paka na sio kosa lake.

Binti wa Chole
Mimi nina ushuhuda wa kung'oa magego YOTE. Paka wangu alikuwa na miaka mitatu tu, fizi mpaka huko kooni nyekundu kama nyama buchani, akipiga mwayo analia. Sindano, vidonge, nafuu ya wiki mbili inarudi. Dokta akasema mwili wake unayapigania meno yake mwenyewe, wakapima na vile virusi vya paka, mwishowe wakashauri meno yote ya nyuma yatoke. Ndugu zangu walinisema mno, eti paka bila magego atakulaje, bora apumzishwe. Akatolewa. Siku za kwanza nilimsagia samaki kwenye blenda, baadaye akaanza kuiba mwenyewe jikoni, saivi anakula hata ile kavu anaimeza. Kanenepa na amerudi kujilamba. Bado ana dawa kidogo kidogo anatumia.

MtuWaMifugo
Huo ugonjwa ndo huo, uvimbe sugu wa mdomo mzima. Wengi wakitolewa meno wanapata nafuu kubwa, baadhi wanaendelea kuhitaji dawa kama wa kwako, na kuna wachache hawapati nafuu. Meno ya paka ni ya kuulia na kukatia, hasagi kama ng'ombe, kwa hiyo kula bila meno anaweza vizuri tu.

Kitu kimoja msisahau: paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu hajala kabisa kwa sababu yoyote ini linaanza kujaa mafuta na hilo linaua. Usiseme "atakula akiwa na njaa". Na mzee mwenye uvimbe upande mmoja tu wa taya au chini ya ulimi, meno ya hapo yanalegea, muwahishe, inaweza kuwa saratani. Harufu ya mkojo mdomoni, waza figo.

Nuru ya Kigamboni
Mrejesho wakuu. Afisa mifugo kaja na mwenzake wana glavu ndefu. Ulikuwa mwiba wa changu umekwama kwa kukingama juu kwenye kaakaa, kati ya magego ya huku na huku, kidonda kimeshaanza kutoa usaha. Wamemdunga usingizi wakautoa. Hata hivyo wamesema tumuangalie siku kumi amefungiwa ndio wamchanje. Asanteni sana

Shangazi_Tanga
Alhamdulillah!! Changu na miba yake jamani

KambareMkavu
Safi sana. Vichwa vya samaki chambueni kwanza watu wangu

Kabwela Mwenzenu
Haya nimesalimu amri, nimemfungua kijana wangu mdomo. Ana miezi mitano hivi, fizi nyekundu kidogo, halafu juu kulia ana chonge MBILI zimesimama pamoja na nimeokota kajino kwenye mkeka. Ndo anakufa au?

MtuWaMifugo
Hafi 😂 Anabadilisha meno, yanatoka kuanzia miezi mitatu unusu mpaka sita hivi, mengi wanameza hamuyaoni. Fizi kuwa nyekundu kipindi hicho inatokea. Hiyo chonge ya zamani ipe wiki chache, ikigoma kutoka wakati mpya imeshakua mpeleke itolewe maana chakula kinanasa katikati. Unaweza kuiunganisha siku moja na kumhasi, anapigwa nusu kaputi mara moja.

Kabwela Mwenzenu
Kumhasi tena?? Nilikuja kuuliza meno tu mkuu

Mama Chausiku
Fungua uzi mwingine tutakuja.